Mabaki Yaliyomficha Mgeni

Kwa jina la Mola aliyeiumba kalamu kabla ya mwandishi na jicho kabla ya kioo, na kwa kumtakia rehema Mtume Wake na waja wema wote, tunaikunjua tena hadithi yetu pale tulipoikunja. Ama baada ya hayo, kwa msomaji anayejiunga nasi leo, nitawapanga watu kila mmoja mahali pake, asije akamwamkia mkwe kwa jina la mtoto.

Duka ni la miwani. Aliyelianzisha ni Mzee, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Waliobaki ni wanne. Wa kwanza ni Mama, mjane wake, anayekaa ghorofani juu ya duka. Wa pili ni Kaka, kifungua mimba, mtaalamu wa kupima macho, hodari wa kazi na mwepesi wa ulimi. Wa tatu ni Sindano, binti wa nyumba hiyo, aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kupenya kila kilichofungwa. Yeye ndiye mtunzaji wa kompyuta na tovuti ya duka. Wa nne ni Mgeni, mkataji wa lenzi, ambaye hakuzaliwa humo.

Mgeni alibisha hodi akiwa na kanga moja na jicho lililovimba. Alikuwa akimkimbia mume. Talaka yake aliipata kwa hukumu ya haki, lakini yule mume, mpima viwanja wa mji wa mbali, aliapa kumfuata hata akijificha tundu la sisimizi. Mzee akamwambia, "Umekuwa binti yangu," akampa kazi, kitanda na ulinzi.

Juma lililopita tulimwacha Sindano mbele ya kompyuta. Amri ya kufuta ilikuwa imekwisha kuandikwa, kidole kikining'inia juu ya kitufe, mara sauti ya Mgeni ikapasua ukuta wa karakana:

"Ngoja!"

Sindano alingoja.

Aliinuka akaenda karakana. Akamkuta Mgeni amemkamata Kaka kifundo cha mkono. Kaka alikuwa akitaka kuifuta lenzi mpya kwa pindo la shati lake.

"Ngoja, nimesema! Shati hilo lina vumbi la juma zima. Unataka kuipiga msasa?"

"Mimi ndiye mwenye duka," alisema Kaka.

"Na mimi ndiye mwenye lenzi. Duka bila lenzi ni kabati."

"Umesikia, Sindano? Kanikuta hapa, sasa ananiita kabati!"

"Kabati lina faida. Linakaa kimya."

Kaka alicheka hadi akakohoa. Sindano hakucheka. Aliwatazama kama mtu anavyowatazama wapita njia kutoka dirisha la juu, kisha akarudi kitini pake.

Hivyo, msomaji wangu, ile "Ngoja!" haikumlenga Sindano. Lau angalijua, angaliichukua.

Tangu siku ya maziko Sindano hakuwa ametoa chozi. Wanawake waliokuja kutoa pole walinong'onezana kuwa binti yule ana moyo wa jiwe. Hawakujua. Jiwe likipigwa hutoa sauti. Yeye alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, una damu, lakini ukiufinya hausemi.

Kazi aliifanya barabara. Mikono haikuhitaji ruhusa ya moyo.

Tovuti ilikuwa imelemewa. Mteja alibonyeza, akangoja, akakata tamaa. Zamani Mzee aliiwekea programu-jalizi, ambayo vijana huiita plagini, ya kuinong'oneza mitambo ya kutafutia mtandaoni: ukurasa huu uitwe hivi, ule uelezwe vile, na ule pale usionyeshwe kabisa. Baadaye Kaka akaing'oa, akaweka mpya.

Lakini plagini ile ilikuwa kama mpangaji aliyehama kwa haraka. Alibeba godoro, akaacha makabati. Maelfu ya mistari yake ilibaki ndani ya kanzidata, ghala la maneno yote ya tovuti, na kila ukurasa ulipofunguliwa ilibidi yarukwe makabati hayo kwanza.

Sasa ilipasa yafutwe.

Jambo moja tu lilimtia Sindano shaka. Kila miwani iliyotoka dukani ilikuwa na kadi ndogo. Mteja akiielekezea simu yake, hufunguka ukurasa wa fundi aliyezikata lenzi zile, wenye jina na picha, apate kumrudia aliyemtengenezea. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee. Alizoea kusema kwamba kazi isiyo na uso haina haya.

Ukurasa wa Mgeni nao ulikuwapo. Ila Mzee aliutia alama ya kuuficha: mwenye kadi auone, mtafutaji wa mtandaoni asiuone.

Sindano akafungua plagini mpya, akautazama ukurasa ule. Alama ya kuficha ilikuwapo. Akaufunga, akaufungua tena. Ilikuwapo.

Akabonyeza.

Mistari ikatoweka. Kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika, naye akaisoma sentensi ile kama asomavyo mtu jina la barabara asikoishi.

"Loo!" Kaka aliingia na simu mkononi. "Inafunguka kabla sijatoa kidole! Umeifanyia dawa gani?"

"Nimefuta mabaki."

"Mwenyezi Mungu akupe umri."

"Amina," alisema Sindano, kwa sauti ya mtu anayepokea kifurushi cha jirani.

Mama aliita kutoka ngazini. "Sindano! Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

Sindano alifikiri. Hakukumbuka.

Zikapita siku za neema. Wateja waliongezeka. Kaka akatembea kifua mbele kama jogoo aliyelitaga yai yeye mwenyewe.

Kisha asubuhi moja akaingia mwanamke mnene, mchangamfu, mwalimu kwa kazi yake, akamkuta Mgeni amesimama mbele ya duka na kitambaa mkononi.

"Ndiye huyu!" alipaza sauti. "Nimekuona mtandaoni, mwanangu. Picha haikutendei haki."

Mgeni alitabasamu. "Ahsante, mama. Kadi yetu umeipata wapi?"

"Kadi gani? Mimi ndiyo kwanza natia mguu humu. Nimetafuta fundi wa lenzi, ukatokea wewe wa kwanza kabisa. Unacheka, na jina lako lote chini."

Kitambaa kilimwanguka Mgeni. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani kwa Sindano.

"Dada, hebu andika jina langu hapo."

"Kwa nini?"

"Liandike."

Sindano aliliandika. Kabla hajainua mkono, uso wa Mgeni ulikuwa umejaa kiooni: ule ushungi wake wa buluu, jina lake kamili, na chini yake mtaa na namba ya duka.

Lililofichwa gizani, mchana hulifichua;
Na likitoka nyumbani, halina tena kutua.

"Hukuitazama alama yangu kabla ya kufuta?" Mgeni aliuliza.

"Nilitazama. Alama ilikuwapo."

"Sasa iko wapi?"

Sindano alipekua. Haikumchukua muda, maana kosa la fundi humtambua fundi wake. Plagini mpya haikuwahi kuwa na alama yake yenyewe. Palipokuwa hapana kitu kwake, ilichungulia vitu vya yule mpangaji wa zamani na kuvionyesha kana kwamba ni vyake, kama mwanafunzi anayemnukuu jirani, mwalimu akadhani anajua.

"Alama niliyoiona ilikuwa ya zamani," alisema. "Ilikuwa katika yale mabaki."

"Uliyoyafuta."

"Niliyoyafuta."

"Una nakala yake?"

"Ninayo."

"Basi irudishe, Dada! Unangoja nini?"

"Alama nimekwisha kuirudisha, sasa hivi. Nimewaandikia wenye mitambo pia wauondoe ukurasa. Wamejibu kwamba ombi limepokewa." Sindano aligeuka kutoka kwenye kompyuta. "Nakala hurudisha maneno, Mgeni. Hairudishi macho yaliyokwisha kuona. Samahani."

Mgeni alimwinamia mezani.

"Samahani hiyo umeitoa kama anayetaja bei ya soksi."

"Najua."

"Lia basi! Nitukane! Piga meza! Mimi ndiye nitakayeuawa, nawe umekaa kama picha ya kitambulisho!"

"Nimekitafuta kilio," Sindano alisema polepole. "Tangu Baba afe nakitafuta. Sijui kilipo."

Hapo Kaka akaingia, akipiga mluzi.

"Mabinti, nipigieni makofi! Tumepata mteja wa mbali. Kapiga simu asubuhi, anataka vipimo kamili. Na tena anamtaka Mgeni kwa jina. Umaarufu huo, mama! Nimempa nafasi leo alasiri."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Alisema anafanya kazi gani?" Mgeni aliuliza.

"Anapima viwanja. Anasema macho yamechoka kwa kutazama mbali."

Tabasamu lilimfia Kaka midomoni. Alizisoma nyuso mbili zile, na kidogo kidogo maneno yake mwenyewe yakamfikia.

"Ya Rabi," alisema. "Na mtaa nimemwelekeza mimi. Nimemwambia hata pa kuegesha gari."

Mama akaitwa. Alishuka ngazi kwa mkono mmoja ukutani, akasikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Hapana wa kulaumiwa kabla ya magharibi," alisema. "Lawama ina wakati wake. Mgeni, mwanangu, funga mzigo. Mimi nakwenda kutafuta teksi. Utafikia kwa dada yangu."

"Nimechoka kuhama, Mama."

"Aliyechoka hupumzika akiwa hai. Haya, fanya upesi."

Mama alitoka. Mgeni aliingia karakana kuchukua vitu vyake. Karakana ile haina mlango wa nyuma. Aingiaye na atokaye hupita chumba cha mbele.

Na mlango wa chumba cha mbele ukafunguka.

"Hodi humu," alisema mwanamume mrefu, aliyevaa koti safi na miwani mizito. "Nimewahi kidogo. Mtanisamehe. Nimezoea kufika kabla ya watu."

Alasiri ilikuwa bado mbali.

Sindano alisimama nyuma ya meza. Hakuwahi kumwona mume wa Mgeni, wala picha yake. Alimtazama mtu huyu, na uso wake haukusema lolote. Ganzi ile iliyolaumiwa na wanawake wa msibani, siku hiyo ilikuwa deraya, vazi la vita la kumkinga.

"Karibu," alisema.

"Yuko yule fundi? Wa kwenye ukurasa?"

"Mafundi hukaa nyuma. Hapa mbele tunapima."

"Ningependa anipime yeye."

"Yeye hukata, hapimi. Kupima ni kazi ya kaka yangu."

"Basi nitamngojea." Mtu yule alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri na sauti ya upole, sauti ambayo mashahidi huiamini. "Mimi ni mtu wa subira."

Naomba msomaji ashuhudie kwamba Sindano hakusema uongo hata neno moja.

Kaka alimkalisha kwenye kiti cha vipimo. Akapanga upya vyombo vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

"Vipimo kamili, ndivyo?"

"Kamili. Nimetoka mbali, sitaki nusu."

"Basi vua miwani, tuzipime nguvu za lenzi zako za sasa. Ndivyo tunavyoanza kwa kila mtu. Sindano, ipeleke nyuma."

Sindano aliichukua. Ilikuwa mizito, yenye joto la uso wa mwenyewe. Akaingia karakana, akaufunga mlango, akamkabidhi Mgeni bila kusema.

Mgeni aliigeuza chini ya taa. Mkono wa kushoto wa miwani ulikuwa umevunjika zamani na kuungwa kwa waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kazi safi.

"Huu waya niliuzungusha mimi," alisema kwa mnong'ono. "Miwani ilimwanguka siku aliyonipiga hadi nikazirai. Nilipozinduka nikaiunga. Kisha nikamwomba radhi, kwa kuwa imevunjika."

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Sindano alirudi mbele. Kaka aliinua macho. Sindano akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Kaka akavuta pumzi. Akaichukua chupa ndogo ya dawa.

"Sasa, bwana mkubwa, nitakutia matone ya kupanua mboni, nipate kutazama ndani. Umeyataka mwenyewe yaliyo kamili. Utaona ukungu."

"Kwa muda gani?"

"Hata jua litakapoelekea kuzama. Usihofu, utarudi sawa."

"Mimi sihofu," alisema mtu yule, akaegemeza kichwa.

Tone. Tone. Kisha jicho la pili.

"Fumba. Tulia hapo. Dawa inataka kimya."

Dakika zikapita, nzito kama magunia. Nje teksi ilisimama; Sindano alimwona Mama kwenye kiti cha nyuma, ushungi umeshikwa chini ya kidevu. Kaka akamwambia mgonjwa wake afumbue.

"Unauona mkono wangu?"

"Naona kitu cheupe. Kama moshi."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Sindano akaufungua mlango wa karakana.

Mgeni alitoka na mfuko mmoja begani. Njia kati ya kiti cha vipimo na meza ni nyembamba. Wawili hawapishani bila kugusana nguo. Mtu yule alikuwa amekaa macho wazi, mboni nyeusi kama visima, anatazama palepale alipopita mwanamke ambaye yeye alivuka miji kumtafuta.

Hakumwona.

"Nani huyo anapita?" aliuliza.

"Mtu wa humu," alisema Kaka.

"Mwanamke?"

"Duka lina wanawake wengi, bwana. Tazama mbele, tafadhali."

Mgeni alifika mlangoni. Mkono wake ukashika kitasa. Katika teksi, Mama alisogea kumpisha nafasi.

Sindano alihesabu kazi imekwisha. Akawaza juu ya chai. Ndivyo alivyokuwa siku zile. Hata hatari ilimfikia imepoa.

Lakini kitasa hakikuzunguka kuelekea nje.

Mgeni aliugeuza ufunguo kwa ndani, akauchomoa. Akautua mfuko sakafuni. Akarudi kwa hatua zake za kawaida, akavuta stuli ya Kaka, akaketi ana kwa ana na mume aliyemwacha kwa hukumu, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Mgeni," Kaka alisema kwa midomo bila sauti. "Mgeni, toka."

"Leo mimi nakuona," Mgeni alimwambia yule mtu, "na wewe hunioni. Miaka yote ilikuwa kinyume. Sasa sema ulichokuja kukisema."

Tabasamu halikumtoka mpima viwanja. Lilikaa palepale usoni, lakini chini yake mkono wa kulia ukaanza kutembea taratibu, ukaingia ndani ya lile koti safi, ukashika kitu, ukatulia nacho.

Mama alikuwa ameshuka teksi, akigonga kioo cha mlango kutoka nje.

Sindano alitafuta hofu ndani ya kifua chake, akaikosa kama alivyokuwa amekikosa kilio. Basi hakuingoja. Alizunguka meza, akasimama katika ile nafasi nyembamba iliyobaki kati ya magoti ya wawili wale, mgongo kwa Mgeni, uso kwa mkono uliokuwa ukianza kutoka ndani ya koti.

Mola amrehemu Mzee aliyetangulia, ampanulie kaburi lake. Na waliobaki nyuma ya mlango ule uliofungwa, Kaka na Mgeni na Sindano, na Mama anayegonga kwa viganja vyote viwili, awazungushie ulinzi Wake usiolala, na awaandikie salama. Na wewe msomaji, na walio nyumbani mwako, mbaki katika amani hadi juma lijalo. Amina.